Nimeambiwa bila vidonge hivi mwanangu hatakuwa na akili

SWALI

Mimi ni msomaji wako wa Makambako, mkoani Njombe. Nina miaka 24 na huu ni ujauzito wangu wa kwanza, unaenda miezi mitatu na nusu. Mume wangu ni kibarua kwenye mashamba ya parachichi, mimi nauza mitumba. Juzi dada mmoja ninayesali naye kaniletea chupa ya vidonge. Anasema vinajenga ubongo wa mtoto akiwa tumboni, vimetoka nje ya nchi, na chupa ya mwezi mmoja ni shilingi 90,000. Nisipovianza kabla ya mwezi wa tano, eti mtoto atakuwa mzito darasani. Mume wangu yuko tayari kukopa.

Mama mkwe naye kanikataza mayai, mtoto asije akazaliwa hana nywele. Anasema pia nisishibe sana, mtoto atakuwa mkubwa nishindwe kujifungua. Ulanzi kidogo anasema hauna neno, unaleta maziwa. Mimi mwenyewe hamu yangu ni udongo na chai ya rangi. Kliniki sijaanza, nilitaka tumbo lionekane kwanza.

Kinachonitisha zaidi ni mtoto wa wifi yangu. Ana miaka mitatu, mfupi kuliko wenzake, na maneno yake ni ya kuhesabu. Naogopa na wangu asije akawa hivyo. Nifanyeje?

Mama Kijacho, Makambako

JIBU

Hongera sana, mwanangu.

Hiyo chupa usiinunue, na mumeo asikope. Kliniki uende wiki hii, tumbo liwe limeonekana au halijaonekana. Nitakueleza sababu moja moja, kwa sababu najua ukirudi nyumbani na maneno matupu utashindwa kumjibu dada wa vidonge, na mama mkwe utamjibu vibaya.

Nianze na chupa. Vidonge vingi vinavyouzwa kwa maneno ya kujenga ubongo huwa na mafuta ya samaki, na ndani ya mafuta hayo kuna aina moja inayoitwa DHA. Ni kweli ubongo unaihitaji. Kuta za seli za ubongo zimejengwa kwa mafuta, na mtoto huikusanya DHA kutoka kwa mama yake, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kisha huendelea kuipata kwenye maziwa. Kwa hiyo muuzaji kaanza na ukweli. Alipoharibu ni pale alipokuahidi darasa. Australia walilipima jambo hili kwa wajawazito karibu 2,400. Nusu yao walipewa vidonge vya mafuta ya samaki na nusu vya mafuta ya mimea, bila mama kujua anameza kipi. Matokeo yalitolewa 2010: watoto walipopimwa uelewa na lugha wakiwa na miezi 18, makundi mawili yalikuwa sawa. Waliendelea kuwafuatilia hadi wakafika miaka saba, na bado waliopata mafuta ya samaki hawakuwa na akili zaidi ya wenzao. Tafiti za namna hiyo zimeonyesha faida nyingine, kwamba mafuta hayo hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Lakini hilo silo ulilouziwa wewe.

Na hayo mafuta yenyewe unayo sokoni. Usipa wa Ziwa Nyasa wanapanda malori kutoka Kyela na Ludewa hadi kwenu, na dagaa wa Ziwa Victoria wapo kila genge. Usiwakate vichwa. Samaki mdogo anayeliwa mzima, na kichwa chake na mifupa yake, anakupa DHA, chuma, zinki, kalsiamu na vitamini B12 kwa pamoja. Waloweke, waoshe mchanga utoke, wakaange na nyanya au uwatie kwenye mboga za majani. Ukila mara tatu nne kwa wiki utakuwa umefanya vizuri kuliko chupa, na mumeo atakula pia.

Sasa kuna kitu ambacho dada yule hakukiuliza kabisa, nami ndicho ningekiuliza kwanza: jikoni kwako mnatumia chumvi gani?

Mbele ya shingo yako kuna tezi ya thairoidi. Inachukua madini joto kutoka kwenye chakula na kutengeneza homoni. Homoni hiyo inaingia ndani ya kiini cha seli za ubongo wa mtoto na kuziwasha jeni kwa zamu, ili seli zijue lini zizaliane, lini zihame kwenda mahali pake, lini zianze kuungana. Mtoto wako hana uwezo wa kuitengeneza ya kutosha mpaka karibu nusu ya mimba. Kwa miezi yote hii anatumia ya kwako. Mama akipungukiwa sana na madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa na ulemavu wa akili au uziwi, na hakuna chakula cha baadaye kinachoufuta. Upungufu mdogo hauonekani kwa macho, ila unapunguza uwezo wa mtoto kujifunza.

Kwenu nyanda za juu jambo hili lina historia. Mvua za miaka maelfu zimeosha madini joto kwenye udongo wa milima na kuyapeleka chini, kwa hiyo mahindi na viazi vya huko, hata vikistawi vipi, vina madini joto kidogo. Muulize mama mkwe wako kuhusu rovu. Atakutajia majina ya watu waliokuwa na shingo zilizovimba, wengine ndugu zake. Miaka ya 1980 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 ikaweka sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi. Wachumi watatu walioangalia takwimu za vidonge vile waliandika mwaka 2009 kwamba watoto ambao mama zao walivipata kwa wakati walisoma darasani muda mrefu zaidi, theluthi moja hadi nusu ya mwaka, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Wengine walizirudia hesabu zile baadaye na hawakuona tofauti kubwa hivyo, kwa hiyo nisingekuapia kuhusu miezi ya shule. Kazi ya madini joto kwenye ubongo wenyewe haina ubishi.

Kwa hiyo nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, uachane na ile ya kupimiwa kutoka kwenye gunia lililo wazi. Ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na moto na jua, kwa sababu madini haya hupotea. Itie chakula kikikaribia kuiva. Usizidishe ukidhani ndiyo dawa: kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukijumlisha na iliyo kwenye vyakula vingine, ndiyo mwisho.

Tuje kwenye damu, na hapa udongo wako umenishtua kidogo. Wajawazito wengi wanaotamani udongo hukutwa na upungufu wa madini ya chuma. Huo udongo nao hunasa chuma tumboni kisiingie mwilini, na unaweza kukuletea mayai ya minyoo. Usione aibu kumwambia muuguzi. Mwambie waziwazi, atakupima wingi wa damu na kukupa vidonge vya damu, ambavyo ndani yake mna chuma na asidi ya foliki. Kwenye kituo cha serikali havikugharimu kitu. Watu wanadhani vidonge vile ni vya mama tu asizimie akijifungua. Ni vya ubongo pia. Seli za ubongo zinahitaji chuma kutengeneza dopamini, kemikali inayohusika na hamu ya kujifunza na utulivu. Zinakihitaji pia ili kufunika nyuzi za neva kwa mafuta, kama waya wa umeme unavyofunikwa plastiki, ujumbe upite haraka bila kuvuja. Nchini Costa Rica, daktari Betsy Lozoff na wenzake waliwafuatilia watoto waliokuwa na upungufu mkali wa chuma wakiwa wachanga. Walitibiwa, damu ikarudi, lakini walipofika miaka 19 walikuwa bado nyuma ya wenzao kwenye vipimo vya akili. Damu inarudi haraka kuliko ubongo.

Vidonge hivyo vitakupa choo cheusi, na huenda kichefuchefu. Vimeze usiku unapolala. Chai ya rangi sikunyimi, ila iache ikae mbali na chakula na vidonge, saa moja au mbili, maana inazuia chuma kisifyonzwe. Maharage na mboga za majani vinyunyizie limau, au kula chungwa baada yake. Na siku ya kujifungua mwombe mkunga asiharakishe kukata kitovu. Akisubiri dakika moja hadi tatu, damu iliyobaki kwenye kondo inamwingia mtoto, na hiyo ndiyo akiba ya chuma atakayoitumia miezi sita ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani ndilo linaloshauri hivyo, kwa hiyo hutakuwa unamfundisha mkunga kazi.

Kuhusu asidi ya foliki niwe mkweli kwako. Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hata hawajajua wana mimba. Usipofunga ndipo anapozaliwa mtoto mwenye mgongo wazi. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Waingereza, matokeo yake yakatoka 1991, ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kuzaa mtoto wa hivyo wakitumia asidi ya foliki tangu kabla ya kushika mimba, hatari ya kumzaa mwingine inapungua kwa karibu robo tatu. Kwako siku hizo zimepita. Usijitese nazo: watoto walio wengi mirija yao hufunga salama, na foliki bado unaihitaji kwa damu na kwa seli zinazogawanyika kila siku. Lakini wewe unayesoma ukurasa huu, kama hujashika mimba na unaitaka, anza sasa, mikrogramu 400 kwa siku. Unga wa viwanda vikubwa umeongezwa foliki na chuma kwa mujibu wa sheria. Unga wa kusaga mashine ya mtaani mara nyingi haujaongezwa, na ndio wengi tunaokula.

Jambo moja la kuwa nalo makini: maduka ya dawa yanauza asidi ya foliki ya miligramu 5. Hiyo usiinunue bila daktari kukuandikia. Kipimo hicho kikubwa kinaipunguzia nguvu SP, dawa ya kukinga malaria ambayo wajawazito hupewa kliniki.

Mayai sasa. Mama mkwe wako hakukuchukia, mwanangu. Kakupa alichopewa na mama yake. Ila nywele za mtoto hazina uhusiano wowote na yai. Kiini cha yai kina kolini, ambayo seli hutumia kujenga kuta zake na ubongo hutumia kutengeneza kemikali za kumbukumbu. Mjamzito anahitaji miligramu 450 kwa siku, na yai moja linampa karibu theluthi. Vyakula vingi vingine vya bei ya kawaida havikaribii hapo. Usiende kubishana naye jikoni. Siku ya kliniki mwambie, "Mama, nisindikize." Akae kwenye benchi asikie somo la lishe kutoka kwa muuguzi, aulize mwenyewe. Mkwe akibadilishwa na muuguzi hajashindwa na mtu, na akishaelewa atakuwa wa kwanza kukuchemshia yai.

Kuhusu kutoshiba, hapo usimsikilize hata kidogo. Kujifungua kwa shida kunategemea zaidi nyonga na mlalo wa mtoto, na ndiyo sababu mkunga anakupima tumbo. Mama anayejinyima huongeza hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu, na mtoto huyo ndiye anayeweza kuanza maisha na upungufu kichwani. Ongeza mlo mmoja mdogo kwa siku. Parachichi mnalo, yale yaliyokataliwa na wanunuzi wa nje kwa sababu ya ukubwa au kovu la ganda hayana kasoro tumboni.

Ulanzi hapana. Najua huko ni kinywaji cha heshima na kwamba wa asubuhi ni mtamu kama juisi. Lakini unaanza kuchacha ukiwa bado kwenye mwanzi, na hakuna anayeweza kukuambia saa ngapi umekuwa pombe. Pombe inapita kwenye kondo moja kwa moja, na ini la mtoto haliwezi kuivunja vizuri. Inavuruga safari ya seli za ubongo kwenda mahali pake, na baadhi huziua. Kiasi salama kwa mjamzito hakijulikani, kwa hiyo kiasi ni sifuri. Maziwa huja kwa mtoto kunyonya mara kwa mara.

Nimeandika mengi kuhusu tumbo, na bado sijafika kwenye hofu yako yenyewe, ambayo ni mtoto wa wifi yako. Hayuko peke yake. Mkoa wenu unalisha nchi. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na jirani zenu Iringa ni zaidi ya nusu, wakati wastani wa Tanzania ni asilimia 30. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Mimi silaumu mama wa Njombe. Anatoka alfajiri kwenda shamba, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka minane na chupa ya uji wa mahindi mwepesi unaopoa hadi jioni. Ubongo wa mtoto mchanga unakula zaidi ya nusu ya nguvu ambazo mwili wake unatumia ukiwa umepumzika. Uji wa maji haumtoshi.

Mpaka miezi sita, maziwa yako tu. Baada ya hapo uji mzito, wenye kitu ndani: yai, unga wa dagaa, maziwa, karanga zisizo na ukungu. Unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili uwaachie wanaouuza. Nafaka na kunde nyingi zikichanganywa hazilingani kuiva, na zina vitu vinavyozuia chuma na zinki. Aina mbili au tatu zinatosha. Guatemala walifanya jaribio vijijini kuanzia 1969: vijiji viwili watoto walipewa uji wenye protini na maziwa, viwili kinywaji kitamu kisicho na protini. Waliopata uji kabla ya kutimiza miaka mitatu, walipokuwa watu wazima walisoma vizuri zaidi, na wanaume kati yao walilipwa zaidi kwa saa. Waliouanza wakiwa wakubwa hawakupata faida hiyo.

Lakini chakula peke yake hakitoshi. Jamaica, mjini Kingston, Sally Grantham-McGregor alichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Kwa miaka miwili baadhi walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki na mhudumu aliyemfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto, kwa vifaa vya kujitengenezea kutoka kwenye makopo na mabaki ya vitambaa. Miaka 20 baadaye waliochezewa hivyo walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao wasiotembelewa. Mzungumzishe mwanao tangu siku ya kwanza, ukiwa unapanga mitumba yako, mtajie rangi, mwimbie, msubiri ajibu kwa sauti zake.

Mwambie wifi yako asikate tamaa. Mtoto wa miaka mitatu mwenye maneno machache apelekwe hospitali apimwe masikio kwanza, kisha damu na uzito. Kimo huenda kisirudi chote. Maneno yana nafasi kubwa ya kuja, akisikia vizuri, akila vizuri, akizungumzishwa.

Na wewe baba kijacho, ambaye ulikuwa tayari kukopa kwa ajili ya mtoto usiyemwona bado, nimekupenda kwa hilo. Nusu ya hela hiyo, usiyokopa, inatosha trei mbili za mayai, dagaa na pakiti za chumvi kwa mwezi mzima. Kazi ya kubeba maji na kuni ichukue wewe mpaka mkeo ajifungue, umpe muda wa kulala mchana. Kliniki nenda naye siku ya kwanza, kwa sababu mtapimwa wote wawili VVU na kaswende, na magonjwa hayo yakigunduliwa mapema mtoto anaweza kukingwa. Omba ruhusa kwa msimamizi wako leo.